Kuwapeleka wazazi chakula cha jioni Mbeya: mwongozo kamili wa kupata mgahawa wa bei nafuu na chakula kisichowaumiza

Mbeya hatuna shida ya chakula. Mchele unatoka Kyela na Usangu, ndizi za kupika na parachichi zinaletwa kutoka Rungwe, viazi vinatoka Uporoto, na mboga za majani zinauzwa kila kona kuanzia Uyole hadi Mbalizi. Shida yetu ni saa. Migahawa mingi ya bei ya kawaida inapika chakula cha sufuria mara moja tu kwa siku, kwa ajili ya watu wa mchana. Ikifika saa moja usiku, majiko yanayowaka ni ya chipsi, mishikaki na nyama choma. Wali na maharage unaouona nyuma ya kioo mara nyingi ni uleule ulioivishwa kabla ya saa sita. Kijana anaula, analala, kumekucha. Mzee mwenye presha au mama mwenye sukari, aliyechoka na safari ya basi, hawezi kuchukuliwa hivyo.

Kwa hiyo, wazazi wakija, mimi kwanza natafuta mpishi anayepokea maelekezo na yuko tayari kuwapikia upya jioni hiyo. Jengo, viti na taa za rangi vinafuata baadaye. Mpishi wa namna hiyo yupo, tena mara nyingi si wa bei kubwa, ila inabidi umtafute siku moja au mbili kabla.

1. Uliza kabla hawajapanda basi

Ukimuuliza mama anapenda kula nini atakujibu, "Chochote tu mwanangu." Mpigie ndugu anayekaa nao nyumbani, ndiye anayejua. Muulize nani ana presha, nani ana sukari, dawa zinanywewa saa ngapi, na kama ni kabla au baada ya kula. Uliza kliniki waliwakataza nini. Mwenye vidonda vya tumbo atasumbuliwa na pilipili, ndimu na rosti yenye nyanya nyingi. Mwenye gauti akae mbali na maini, dagaa, nyama nyekundu nyingi na bia. Uliza na meno pia. Baba asiye na magego hawezi nyama choma, na hatakuambia. Atatafuna kidogo, atasukuma sahani pembeni, atasema ameshiba.

Jambo moja ambalo watu wengi hawalijui: ndizi, parachichi, viazi, maharage na mboga za majani vina madini mengi ya potasiamu. Kwa mtu mzima wa afya hilo ni jema. Lakini mzazi mwenye ugonjwa wa figo anaweza kuwa ameshapewa na daktari wake kipimo cha vyakula hivyo. Kwake yeye, ushauri wa kliniki unatangulia yote nitakayoyasema hapa chini kuhusu chakula.

Usisahau dini. Wazazi Wasabato hawali kitimoto wala kambale, kwa kuwa kambale hana magamba. Wazazi Waislamu watataka kujua nyama imechinjwa na nani, na hapa Mbeya, ambako kitimoto kinauzwa sehemu nyingi, uliza kama mafuta na wavu wa kuchomea ni uleule. Pia kuna wazee wa kanisa, wa Moravian, Kilutheri au Kipentekoste, ambao hawatakaa kwa amani mahali penye meza zilizojaa bia, hata kama kuku wa hapo ni mtamu kuliko wote mjini. Atakaa kwa kukuheshimu wewe, na hatafurahia hata tonge moja.

2. Piga hesabu ya usiku mzima

Bei ya sahani ni sehemu tu ya gharama. Tuseme umetenga shilingi 60,000, na mpo watano. Toa 10,000 ya bajaji au taksi ya kwenda na kurudi. Toa 10,000 nyingine ya akiba, kwa sababu wazazi wakija mjini huwa kuna mjomba au binamu atakayesikia na kufika kuwasalimia saa ileile ya kutoka, na huwezi kumwacha mlangoni. Zimebaki 40,000, yaani 8,000 kwa kila mtu, chakula na kinywaji humo humo. Hiyo ndiyo namba ya kuingia nayo mgahawani. Usiingie na namba ya 60,000 kichwani.

Unapouliza bei, uliza ya sahani kamili. Kuna sehemu samaki anatajwa bei yake peke yake, ugali unalipiwa mbali, mboga mbali, na kachumbari mbali. Samaki mzima huuzwa kwa ukubwa, kwa hiyo mwombe mhudumu akuonyeshe samaki na kukutajia bei kabla hajaenda jikoni. Kuku ulizia wa kienyeji au wa kisasa, mzima au nusu, maana tofauti ya bei ni kubwa.

Njia inayookoa hela zaidi ni kuagiza kwa pamoja. Kuku mmoja wa kienyeji wa kuchemsha, bakuli kubwa la mboga, bakuli la maharage na ugali au ndizi za kutosha vinaweza kulisha watu watano kwa bei nafuu kuliko sahani tano, kila moja na robo kuku yake. Wazazi wengi wamezoea kula hivyo nyumbani, kila mtu akijitwalia kiasi chake. Mwenye sukari anapunguza wanga na kuongeza mboga bila mtu kumsimamia.

3. Eneo: karibu, tulivu na lenye joto

Anza na mahali wazazi wanapolala. Barabara kuu ya Tunduma inakata jiji katikati, na jioni malori, daladala na bajaji hujazana kuanzia Mafiati, Kabwe, Mwanjelwa hadi Sae. Kama wamefikia Uyole, usiwavushe mji mzima kwenda Iyunga kwa sababu tu umesikia kuna pilau nzuri. Upande wa Forest na Uhindini jioni hutulia mapema, na ni rahisi gari kusimama mlangoni.

Kisha baridi. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mzazi anayetoka Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, ataisikia baridi hiyo mpaka kwenye magoti. Bustani yenye vibanda vya makuti inapendeza mchana. Usiku tafuta chumba chenye kuta na mlango unaofungwa, na usiwakalishe karibu na mlango huo. Chakula nacho hupoa haraka, na mchuzi wa nyama uliopoa mezani hugandisha mafuta juu.

Angalia ngazi, angalia taa za njia ya kwenda chooni, na choo chenyewe ukione kwa macho yako. Mama mwenye magoti mabovu atajizuia kunywa maji usiku mzima akijua choo ni cha kuchuchumaa na kiko nyuma, gizani.

4. Nenda ukakague, saa ileile utakayowapeleka

Hii ndiyo hatua inayobeba mwongozo wote. Usikague mchana. Mgahawa wa saa saba mchana na mgahawa huohuo saa moja usiku ni vitu viwili. Nenda jioni ya siku iliyotangulia, uagize kitu kidogo, ukae mahali unapoona jiko au mlango wake.

Tazama mafuta kwanza. Mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mara nyingi huwa meusi, yanatoa povu juu na moshi kabla hata chakula hakijaingia, na harufu yake inaganda kwenye nguo. Ukiona hivyo, usiagize hapo kitu chochote cha kukaanga kwa ajili ya wazee, hata mayai.

Kisha uliza swali la kawaida kwa sauti ya kawaida: "Dada, wali huu umepikwa saa ngapi?" Chakula kilichopikwa mchana kinatakiwa kikae cha moto kabisa mpaka kinapoliwa, au kipozwe haraka na kuhifadhiwa kwenye friji, kisha kipashwe mpaka kitoe mvuke. Wali uliokaa vuguvugu kwenye beseni kwa saa nyingi unaweza kuwa na vijidudu vinavyoacha sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupashwa moto tena. Kachumbari nayo: kama imekatwa tangu asubuhi na inaogelea kwenye maji yake, iache. Mboga mbichi inahitaji maji safi ya kuoshea, na kwa mzee tumbo likiharibika si jambo dogo, hasa kama kesho anarudi safarini.

Angalia pa kunawia. Bomba au ndoo yenye koki, sabuni ipo, na wahudumu wenyewe wanaitumia. Mhudumu anayepokea hela kwa mkono na mkono huohuo ukashika kipande cha limau cha kuweka kwenye supu anakuonyesha jinsi jikoni kulivyo.

Sasa onja chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa chumvi yote ya siku nzima. Migahawani chumvi huingia mara tatu: nyama inapochemshwa, mchuzi unapowekwa viungo vya paketi ambavyo navyo vina chumvi nyingi, na mezani penye kopo lake. Mchuzi ukikukausha koo wewe kijana, baba mwenye presha asiuguse.

Ukimaliza kula, omba kuzungumza na mpishi. Mwambie hivi: "Shikamoo mama. Kesho jioni naleta wazazi wangu, mmoja ana presha. Naomba unipikie mboga na kuku, chumvi kidogo, usiweke viungo vya paketi, mafuta kidogo. Inawezekana?" Sikiliza jibu lake. Akikuuliza mko wangapi, mnafika saa ngapi, kuku awe wa kienyeji au wa kisasa, umepata mgahawa. Akikuambia hapa tunapika kwa pamoja, hatuwezi kumtengea mtu, mshukuru na uende kwingine bila kinyongo, amekuambia ukweli. Wa kuogopa ni yule anayejibu "haina shida" kabla hujamaliza sentensi, huku macho yake yakiwa kwenye simu.

5. Panga chakula wewe

Usiwaachie wazazi menyu. Maandishi ni madogo, majina mengi ni ya Kiingereza, na bei ziko pembeni zikiwatisha. Panga mapema, kisha wape nafasi ya kuchagua kati ya vitu viwili vitatu.

Kipimo rahisi cha sahani: nusu mboga za majani, robo wanga, robo samaki, kuku, nyama au maharage. Kwetu huku sahani hujaa wanga mpaka mboga inakosa pa kukaa. Ugali, wali, ndizi za kupika na viazi vyote ni wanga, na kuagiza viwili au vitatu kwa pamoja kwa mtu mwenye sukari ni kumrundikia mzigo uleule kwa majina tofauti. Chagua kimoja. Kama wanapika ugali wa dona, chukua huo badala ya sembe, kwa sababu bado una pumba na kiini cha mahindi.

Mboga ndipo Mbeya inapong'ara: chainizi, mchicha, mnafu, majani ya maboga, figili. Ni za bei ndogo, ni mbichi za siku hiyohiyo, na mpishi anaweza kuzipika kwa dakika chache wakati nyinyi mmeshakaa. Omba mabakuli mawili, bila kuona haya. Uchungu wa mnafu ni ladha ambayo wazazi wengi wa huku wanaitafuta.

Kwa kitoweo, samaki chukuchuku au kuku wa kienyeji wa kuchemsha ndiyo chaguo langu la kwanza. Kuku wa kienyeji anahitaji muda mrefu jikoni ndipo alainike, kwa hiyo lazima aagizwe mapema. Akiletwa dakika ishirini baada ya kuagizwa, ama alishapikwa mchana ama ni mgumu. Ukibahatika kukuta mbasa wa Ziwa Nyasa na wazazi ni wenyeji wa Kyela, usiulize mara mbili, ila mtolee mama miiba kama macho yake yamepungua. Makange na rosti za kukaanga kwanza kisha kuungwa zina mafuta mara mbili, ziache kwa siku nyingine.

Ndizi za kupika zilizoungwa na nyama au maharage, ambazo Wanyakyusa wanaita mbalaga, ni laini, zinafaa wasio na meno, na zinapasha mwili joto. Agiza na parachichi moja kwa watu wawili. Mwambie mpishi kwamba kwa kuwa kuna parachichi, mboga zisitiwe mafuta mengi.

Vinywaji hupitwa haraka, na hapo ndipo sukari inapoingia. Chupa ya soda ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, kama vijiko saba vya chai. Juisi ya matunda ya mgahawani mara nyingi imeongezwa sukari, kwa hiyo agiza isiyotiwa kitu. Kwenye baridi hii, chai ya rangi yenye tangawizi, sukari ikiwa pembeni, inawafaa wote. Wazazi waliozoea maziwa mgando wanaweza kufurahia kikombe kimoja. Maji yawe ya chupa iliyofunguliwa mezani au yaliyochemshwa.

6. Saa ya kula isogezwe mapema

Lengo liwe kukaa mezani saa kumi na mbili na nusu jioni. Wazee wanaokula saa tatu usiku na kulala saa nne huamka na kiungulia. Kuna sababu nzito zaidi: mzazi anayechoma insulini au kumeza vidonge kama glibenclamide akishatumia dawa na chakula kikachelewa, sukari yake inaweza kushuka vibaya. Ataanza kutetemeka, kutoka jasho, kuchanganyikiwa. Asitumie dawa nyumbani kwa kudhani mtakula mara moja, kama kliniki yake haikumwelekeza vinginevyo. Abebe dawa, na weka kwenye mkoba ndizi mbivu au pakiti ya biskuti kwa ajili ya foleni. Dalili zikishaanza anahitaji sukari ya haraka, na hapo soda ya kawaida ni msaada.

7. Weka oda na advansi

Andika oda kwa ujumbe wa simu: idadi ya watu, vyakula, saa, na bei mliyokubaliana. Lipa sehemu tu, theluthi au nusu, kwa Lipa Namba ya mgahawa ili kumbukumbu ibaki. Piga simu tena saa nane mchana wa siku yenyewe. Simu hii ndogo ndiyo inayomfanya mpishi amtoe kuku kwenye friji.

8. Mezani

Kama mkeo au mke wa kaka yako atakuwepo, fikiria viti kabla. Kwa mila ya Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawakutakiwa kukutana uso kwa uso, achilia mbali kula pamoja. Familia nyingi zimeacha, nyingine hazijaacha, na wengine wameacha mdomoni ila moyoni bado. Muulize mama kwa siri. Mara nyingi inatosha kuomba meza mbili zilizo jirani, kina mama moja na kina baba nyingine, na kila mtu anakula akiwa huru.

Waombee maji ya uvuguvugu ya kunawa, wahudumiwe wao kwanza, na kopo la chumvi likae upande wako. Bili isiletwe mezani. Mwambie mhudumu tangu mwanzo, kisha inuka kana kwamba unakwenda kunawa ukamalizie kaunta na kuchukua risiti. Mzee aliyelima maisha yake yote akisikia jumla, ataigeuza papo hapo kuwa mifuko ya mbolea, na furaha ya chakula itaishia hapo.

Chakula kikibaki, kifungwe mapema kikiwa bado cha moto. Kama kimekaa mezani zaidi ya saa mbili, usikibebe.

9. Mipango ikivunjika

Inatokea mpishi ameumwa, umeme umekatika, au mnafika mnaambiwa kuku wameisha. Usianze kuzunguka mji na wazee kwenye baridi. Kaeni, agiza kinachopikwa papo hapo: ugali mpya, mayai ya kuchemsha au samaki wa kuchoma, mboga za majani, chai ya moto. Samaki akiwa wa kukaanga tu, ondoa ngozi na umpe nyama ya ndani. Maharage yapo karibu kila mgahawa. Yaombe yapashwe mpaka yachemke, yasiongezwe chumvi.

Na kama umekagua migahawa mitatu bila kupata mpishi wa kumwamini, mfuate mama ntilie unayekula kwake kila siku kazini, yule ambaye mkono wake unaujua. Mlipe kwa heshima apike jioni hiyo, chakula kije nyumbani kwenye hotpoti kwa bajaji, na wazazi wale wakiwa wamejifunga mablanketi yao. Mama ntilie wengi hufunga saa tisa au kumi, kwa hiyo mwambie asubuhi, kabla hajakwenda sokoni.